Kwa siku, kwa mwezi, kwa msimu



Kila mwisho wa mwaka, mvua ikiwa imeshika muzuri na mihindi imefika magotini, sisi wa agronomi tunapita sana kwa mashamba ya upande wa Likasi, Kambove na Shinkolobwe. Na kila mwaka tunakuta mambo yaleyale. Shamba la baba limepaliliwa. Shamba la mama limepaliliwa nusu, juu mama ana kazi zingine tano. Shamba la kijana limefunikwa na majani, mihindi yenyewe unaitafuta kwa macho. Tukiuliza mwenye shamba yuko wapi, jirani anainua mkono tu, anaonyesha upande wa mashimo.

Mwaka huu tulialikwa kwa mkutano mkuu wa koperative moja ya upande huo. Hatutataja jina lake, juu mambo yake ni ya koperative nyingi. Mzee mmoja alisimama akaomba sheria mpya: kijana yeyote anayeacha shamba mwezi wa kumi na mbili ao wa kwanza na kuenda kuchimba, asipewe tena mbegu wala mbolea ya mkopo. Alisema: "Batoto ba leo habajue kazi. Banapenda makuta ya mbio-mbio. Banakula leo, kesho banakuya kulomba." Wazee wakapiga makofi.

Kijana mmoja akajibu bila kusimama vizuri, na hilo nalo liliwakasirisha wazee. Alisema: "Baba, shamba inalipa mara moja mu mwaka, lakini njala inakuya kila siku. Na ile mara moja yenyewe, mihindi tulileta mu mwezi wa tano, makuta tukaiona mu mwezi wa tisa. Ile miezi ine, nani alikuwa anatulisha?"

Mkutano ukachafuka. Watu wakaagana bila kuamua, na uamuzi umewekwa kwa mkutano ujao, mbele ya kugawanya mbegu. Tunaandika haya juu ya ule mkutano, na juu ya mingine inayofanana nao.

Sisi tunaona hivi: pale hatukukuta kizazi cha watu wa kazi na kizazi cha wavivu. Tulikuta watu waliofundishwa kuhesabu feza kwa namna tatu. Wazee wamezoea kuhesabu kwa mwezi, vijana kwa siku. Shamba linahesabu kwa msimu, na halimngojei mzee wala kijana. Mradi hatujakubali hili, tutaendelea kutukanana, na majani yataendelea kula mihindi.

Hesabu ya mwezi

Tuanze na wazee, juu ndio wanaoanza kusema katika mikutano.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Kuanzia miaka ya 1920 ilianza kuwashika wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao katika makambi: nyumba ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, na posho ya unga, samaki na mafuta. Serikali ilipoichukua mwaka 1967 na kampuni ikafikia kuitwa Gécamines, desturi ile iliendelea. Watu walisema kampuni ni baba, kampuni ni mama. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyeandika historia ya familia hizi mwaka 2001, aliwaita katika jina la kitabu chake watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Tusiseme wazee wale walilala tu. Katika Desemba 1941 wafanyakazi waligoma hapa Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, na kule Lubumbashi pia, wakiomba mshahara wa kutosha. Wengi waliuawa kwa risasi. Feza ya mwezi ilikuwa na damu ndani yake.

Lakini iliwapa akili ya namna fulani. Mutu wa mwezi anajua tarehe. Anakopa duka mbele ya tarehe na kulipa baada ya tarehe. Mtoto akigonjwa, kampuni inatibu. Paa ikivuja, kampuni inapiga bati. Kwa hiyo nidhamu yake ilikuwa ya kweli, ila ilisimama juu ya ukuta ambao yeye hakuujenga. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30,000. Ukuta ulianguka, na wengi waliokuwa wameuegemea walianguka nao.

Ndipo ikaja 2003. Kwa msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa feza kwa mara moja badala ya mishahara waliyokuwa wakiidai na ya miaka yao ya kazi. Mutu aliyezoea kupimiwa kidogo-kidogo akapewa mfuko mzima siku moja. Kuna waliolipa madeni, feza ikaishia pale. Kuna walionunua gari ya kubeba watu, ikakufa kabla ya kurudisha bei yake. Kuna waliofungua duka, ndugu wakalimaliza kwa deni. Na kuna walionunua shamba, ng'ombe na mabati, nao ndio leo wanakaa mbele katika mikutano yetu na kusema vijana hawajui kuchunga feza.

Tunawaheshimu wazee hawa. Tunawaomba wakumbuke tu kwamba kati ya rafiki zao waliopokea feza siku ileile, wengi hawakufika pale walipofika wao, na rafiki wale hawakuwa vijana.

Feza iliyokufa mkononi

Kuna jambo lingine wazee wanalijua na hawalisemi mbele ya watoto. Katika nchi yetu, mutu aliyeweka feza nyumbani aliadhibiwa.

Zaire ya kwanza, ya 1967, ilikuwa na makuta 100, na zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Mwishoni mwa 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiasi chenye mpaka. Wanakijiji waliokuwa wameficha mavuno ya miaka chini ya kitanda walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja yake ilibadilishwa na zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja yake ilichukua zaire mpya 100,000.

Hesabu mwenyewe. Mama aliyeuza karanga mwaka 1975 akafunga feza kwa kitambaa, mwaka 1998 angekuwa na nini?

Kwa hiyo, kijana akisema "feza ni ya kula, haikae", hakulizua neno hili kwa mashimo. Alilirithi. Ba nkambo wake walichunga, na kuchunga kukawaumiza. Hata leo ukitembea kwa vijiji vyetu utaona nani anajua kuweka: ni yule mwenye mbuzi, mwenye mabati yamepangwa nyuma ya nyumba, mwenye gunia la mbegu limefungwa vizuri. Hawa hawakuacha kuweka. Waliacha kuweka karatasi.

Hesabu ya siku

Sasa tuje kwa vijana, na tuanze hapahapa Shinkolobwe.

Mgodi huu ulifunguliwa mwaka 1921, na uraniamu yake ndiyo iliyoingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1960 ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa saruji. Lakini mwisho wa miaka ya 1990, mishahara ikiwa imekufa, watu walirudi pale kwa mikono yao kutafuta kobalti. Kijiji kizima cha maelfu ya watu kikajengwa kando ya mashimo. Mwezi wa kwanza 2004 Rais Joseph Kabila akatia sahihi amri ya kufunga. Watu wakaendelea. Mwezi wa saba mwaka uleule shimo likaanguka na kuua watu, na mwezi wa nane kijiji kikavunjwa. Mpaka leo kuchimba pale kumekatazwa. Lakini ile namna ya kutafuta feza haikufungwa pamoja na mgodi. Ilihamia kwa mashimo mengine kando ya Likasi na Kambove.

Kijana anayeshuka ndani ya ardhi kwa kamba, akitoboa jiwe kwa nyundo, akibeba gunia mgongoni, humwezi kumwita mvivu. Anayesema hivyo hajashika ile nyundo. Kazi ya shimo ni nguvu kuliko kazi ya jembe. Ila ina kitu kimoja ambacho jembe halina: jioni kuna kitu mkononi. Pengine kidogo, pengine hakuna, pengine kingi cha kushangaza. Na feza ya jioni ina tabia yake. Inatumwa sokoni usiku uleule. Inanunua bukari na samaki, vocha ya simu, bia, zawadi kwa mpenzi. Asubuhi mutu anaanza tena kwa sufuri, na kwa sababu anaamini kwamba leo pia shimo litatoa, haoni hatari.

Siku shimo halitoi, ndipo anaenda kwa Bank Lambert. Munajua wote ile benki isiyo na mlango: unachukua mia, mwisho wa mwezi unarudisha mia na makumi tano. Akishindwa, anaacha simu, anaacha kinga, na siku ingine anaacha gunia la mbolea tuliyompa sisi kwa mkopo. Tumeiona ile mbolea ikiuzwa kando ya barabara, na ilituuma.

Hapa sasa tunasema na vijana bila kuficha. Hesabu ya siku haiwatoi katika deni, inawafunga ndani yake. Tena, mukopo wa mbolea ulitiwa sahihi na mkono wako, si na mkono wa njaa. Koperative ikidhamini mkopo, ukiuza mbolea unakuwa umeuza jina la jirani aliyeketi pamoja nawe. Mama mjane aliyelipa wake wote msimu huu anakosa mkopo msimu ujao kwa sababu yako. Maisha ni magumu, ndiyo. Lakini ugumu wa maisha haukuandikishi wewe peke yako. Umetuandikisha wote.

Shamba halijui tarehe ya mshahara

Mihindi ina hesabu yake, na haibishani na mutu.

Kwetu mvua ni moja kwa mwaka. Inaanza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, inakatika mwezi wa ine. Mihindi inapandwa kati ya nusu ya Novemba na nusu ya Desemba. Wiki sita za kwanza ndizo zinazoamua karibu yote. Majani yasipotolewa wakati ule, yanaweza kula nusu ya mavuno na zaidi. Urea inawekwa mihindi ikiwa magotini, wiki ya ine mpaka ya sita. Ukiiweka mihindi ikishatoa ndevu, umelisha majani.

Angalia sasa tarehe: wiki zile sita zinaangukia Desemba na Januari. Ndio wakati akiba ya chakula imekwisha, shule inadai, Noeli imekula kile kidogo kilichobaki, na mihindi mibichi bado iko mbali. Ndio wakati pia mashimo yamelowa maji na yanaanguka zaidi. Kwa hiyo kijana anaacha shamba wiki ileile ambayo shamba linamhitaji zaidi, na anaingia shimo wiki ileile ambayo shimo ni baya zaidi.

Tuchukue mfano, na kila mmoja aweke namba zake. Tuseme hekta moja, ikipaliliwa kwa wakati, ingetoa mifuko 40 ya kilo 50. Isipopaliliwa inatoa 20. Kijana aliyeondoka wiki tatu amepoteza mifuko 20, ni kusema tani nzima. Aweke kando ile feza aliyoleta kutoka kwa shimo kwa wiki tatu, akitoa chakula alichokula kule na deni alilorudi nalo. Je, inanunua mifuko 20? Tumeifanya hesabu hii na vijana wengi, kwa kijiti juu ya udongo. Wachache sana walisema ndiyo. Lakini wengi walituambia jambo lingine: "Agronomu, hesabu yako iko muzuri. Ila miye nilikuwa na njala mu ile wiki, hapana mu mwezi wa tano."

Jibu hili halikutuacha kwa raha, na lilitufanya tujiangalie sisi pia.

Hesabu ya nne, ile yetu

Kuna hesabu ya nne, na hii ni yetu sisi wa miradi. Mradi unahesabu kwa miaka miwili ao mitatu. Ukifika unagawa mbegu, majembe na kofia. Unapanga mafunzo, na watu wanakuja kwa sababu kuna chakula na feza ya usafiri. Ukiisha, gari haionekani tena. Tumefundisha nafasi kati ya mistari, tumefundisha kina cha shimo la mbegu. Mara ngapi tumeuliza mwanachama atakula nini mwezi wa kwanza? Na ni sisi tuliopanga mkopo urudishwe wote kwa mara moja mwezi wa tano na wa sita, wakati mihindi imejaa sokoni na bei iko chini kabisa.

Ba nkambo walisema kampuni ni baba na mama. Tusipoangalia, watoto wao watasema mradi ni baba na mama. Na siku mradi utakapoondoka, itakuwa 1994 ingine, ndogo, ya kila kijiji.

Sisi tunaoandika tuko na miaka thelathini na kitu. Tuko katikati. Tulilelewa na watu wa hesabu ya mwezi, na wadogo zetu ni watu wa hesabu ya siku. Hatuwezi kucheka upande mmoja bila kujicheka.

Tunayoomba mkutano uamue

Kwanza, ile sheria ya kumfukuza kijana anayeenda kuchimba, tunaomba isipitishwe. Mahali pake kuwekwe sheria ya tarehe. Mwenye kupokea mbolea ya mkopo anatia sahihi juu ya tarehe mbili: siku ya kupalilia na siku ya kuweka urea. Kama hatakuwapo, yeye ndiye anayetafuta mutu wa kufanya kazi mahali pake na kumlipa, ao kikundi kinafanya salongo kwa shamba lake na mifuko ya kulipa kazi inatolewa kwa mavuno yake. Anayejua kwamba atalipa, atachagua vizuri. Na asiyefanya lolote kati ya haya mawili, huyo ndiye asipewe tena. Awe kijana, awe mzee.

Pili, komite nayo iwe na tarehe. Kijana yule hakuongopa: miezi ine ya kungoja feza ya mihindi iliyokwisha kuletwa ni kosa la koperative. Siku mwanachama analeta mifuko, alipwe sehemu palepale, hata kama ni ndogo, na tarehe ya kulipa iliyobaki iandikwe kwa ukuta wa deposi pamoja na idadi ya mifuko, bei ya kuuza na gharama. Anayeomba wengine wawajibike aanze kwa kuonyesha karatasi. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo ni sheria ya nchi yetu tangu 2012, inasema mwanachama mmoja ana sauti moja, bila kuangalia miaka yake. Inasema pia sehemu ya faida, si chini ya 20 kwa mia, iingie kwa akiba ya koperative, na sehemu ingine kama hiyo iingie kwa mafunzo, mpaka kila akiba ifikie mtaji. Muulize komite yenu akiba hizo ziko wapi. Kuuliza si matusi.

Tatu, tulete feza ya shamba karibu na tumbo. Mihindi peke yake inalipa mara moja. Lakini lengalenga inachumwa baada ya mwezi mmoja hivi. Maharagi yanataka karibu miezi mitatu. Mihogo inangoja zaidi ya mwaka, lakini sombe yake inauzwa kila wiki. Mvua ikishakatika, wakati wa kipwa, penye mto ao kisima cha karibu, nyanya, kitunguu na kabichi vinaingia soko la Likasi. Shamba lenye vitu vya miaka mbalimbali linalipa kwa wiki, kwa mwezi na kwa msimu. Kijana mwenye ngazi mbili za lengalenga mwezi wa kwanza ana sababu ya kulala nyumbani.

Ine, tuweke, lakini tusiweke karatasi. Likelemba munaijua, na ba mama wanaifanya vizuri kuliko komite nyingi. Tunashauri kila kikundi kiwe na sanduku la kila wiki, na mwezi wa saba ao wa nane, wakati feza ya mihindi ingali inaonekana, sanduku ligeuzwe kuwa mifuko ya mbolea na mbegu ndani ya deposi yenye vifunguo vitatu, kwa watu watatu tofauti. Kimoja kikae kwa mama, kimoja kwa kijana. Hata mwenye kurudi kutoka kwa mashimo na kitu kidogo ana mahali pa kukiweka mbele ya usiku kukila. Na kama namna ya feza itabadilika tena siku moja, mfuko wa urea hautabadilika.

Tano, neno kwa sisi wenyewe. Kuanzia msimu ujao tutaomba mkopo urudishwe kwa mara mbili: sehemu kwa mavuno, sehemu baadaye bei ikipanda. Na mafunzo ya kwanza ya kila koperative yatakuwa juu ya hesabu ya nyumba, mwezi kwa mwezi, na baba, mama na kijana wakiwa wamekaa pamoja. Mistari ya mihindi itafuata.

Katika ule mkutano, kelele ikiwa imezidi, mama mmoja aliyekuwa anachambua maharagi nyuma alisema, kama anayejisemea: "Banaume bote banahesabu makuta. Miye nahesabu meka." Watu wachache walicheka, kisha mkutano ukaendelea na kelele yake. Sisi tuliandika maneno yale. Mama huyu anajua unga uliobaki ni meka ngapi, meka moja inakaa siku ngapi, na ni siku ngapi mpaka mihindi mibichi. Katika ile nyumba ya mkutano, yeye peke yake alikuwa anaunganisha siku, mwezi na msimu katika kichwa kimoja, na hakuna aliyemuomba kusimama.

Mkutano ujao usianze tena na hotuba ya nani ni mvivu. Kila jamaa ije na karatasi moja: meka ngapi mnakula kwa mwezi, akiba yenu inakwisha mwezi gani, mnadaiwa na nani, na ni siku gani za Desemba na Januari mikono ya kupalilia itakosekana. Komite nayo ije na karatasi yake ya mihindi ya mwaka huu. Tusome zote kwa sauti, kisha tupige kura juu ya ile sheria.